Namna ya Kutumia Ukumbi wa Mapumziko wa Uwanja wa Ndege Kabla ya Safari

Msafiri anayefika kwenye kaunta ya ukumbi wa mapumziko, ule ambao wengi wamezoea kuuita launji, huulizwa jambo moja tu: anaingia kwa haki ipi? Anayelijua jibu lake kabla ya kutoka nyumbani hupokewa kwa dakika moja, naye asiyelijua huanza kupekua pochi na simu huku foleni ikirefuka nyuma yake, na mara nyingi huishia kurudishwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla ya kuuona mlango wenyewe.

Ukumbi wa kwanza wa aina hii uliendeshwa na shirika la American Airlines katika uwanja wa LaGuardia, New York, kuanzia mwaka 1939, na aliyeingia alikuwa mtu aliyealikwa na shirika. Siku hizi mwaliko umegeuka kuwa masharti yaliyoandikwa, na masharti hayo yana njia nne kuu. Ya kwanza ni tiketi ya daraja la biashara au daraja la kwanza. Ya pili ni hadhi anayopewa abiria anayesafiri mara kwa mara na shirika moja au na muungano wa mashirika ya ndege ambamo shirika hilo limo. Ya tatu ni uanachama wa mpango wa kumbi, ambao watu wengi huupata kupitia kadi ya benki. Ya nne ni kulipa, ama mapema kwa mtandao, ama pale pale mlangoni.

Kila njia ina vifungu vyake, na vifungu hivyo ndivyo vinavyowakwaza watu. Chukua suala la kuingia na mwenzako. Katika muungano wa Star Alliance, ulioanzishwa mwaka 1997, abiria mwenye hadhi ya Gold anaruhusiwa kuingia na mgeni mmoja hata akiwa amekata tiketi ya daraja la kawaida, ilhali abiria wa daraja la biashara asiye na hadhi hiyo huingia peke yake, ingawa huenda tiketi yake imemgharimu mara kadhaa zaidi. Mume na mke waliokata tiketi za madaraja tofauti wakitumaini kuingia pamoja wanaweza kutenganishwa mlangoni, na hakuna mhudumu mwenye mamlaka ya kuwasaidia. Soma kifungu cha wageni kwenye tovuti ya shirika au ya muungano, na ukumbuke kwamba mgeni naye hutakiwa kuwa na pasi yake ya kupandia ndege ya siku hiyo. Usisahau pia kuangalia ni shirika lipi hasa linalorusha ndege yako, kwa kuwa namba ya safari iliyochapishwa kwenye tiketi inaweza kuwa ya shirika moja huku ndege yenyewe ikiwa ya jingine, na mara nyingi haki ya kuingia huandamana na shirika linalorusha.

Wenye kadi za benki nao wana kosa lao la kawaida. Benki ikikuahidi kumbi za mapumziko, aghalabu inakununulia uanachama wa mpango kama Priority Pass, ulioanza mwaka 1992, ambao hauendeshi ndege bali umefunga mikataba na kumbi za viwanja vingi. Uanachama huo una namba yake na kadi yake, ya plastiki au ya kwenye simu, na mara nyingi ni lazima ujisajili mwenyewe ndipo uanze kufanya kazi. Kuonyesha kadi ya benki tu hakutoshi. Kamilisha usajili wiki kadhaa kabla ya safari, pakua programu yake kwenye simu, kisha uhakiki ni mara ngapi unaruhusiwa kuingia kwa mwaka na kama mwenzako anaingia bure. Katika mipango mingi mgeni huingizwa bila maswali, na gharama yake hukatwa kwenye kadi yako baadaye. Asiyejua hilo hushtuka akiona taarifa ya benki.

Kuna jambo jingine kuhusu uanachama wa namna hii ambalo ni vyema likajulikana mapema. Ukumbi ukijaa, wa kwanza kuzuiwa ni wenye kadi za mipango, kwa sababu nafasi huachiwa abiria wa mashirika yanayoutumia ukumbi huo. Saa za asubuhi na za jioni, ndege nyingi zinapoondoka kwa mfululizo, kibao cha kusema ukumbi umejaa si kitu cha ajabu. Baadhi ya kumbi hukubali kukuwekea nafasi mapema kwa ada ndogo, na kwa safari ndefu yenye watoto au mzee naona ada hiyo inafaa kulipwa. Ikiwa haiwezekani, usifike uwanjani ukiwa na njaa kwa kutegemea chakula cha ukumbi peke yake.

Baada ya haki ya kuingia linakuja suala la mahali. Viwanja vikubwa vina majengo kadhaa ya abiria, na pengine huwezi kutoka jengo moja kwenda jingine bila kupita upya kwenye ukaguzi, kwa hiyo ukumbi ulio katika jengo jingine hauna faida kwako hata kama kadi yako inakubalika huko. Angalia pia kama ukumbi uko kabla ya ukaguzi wa usalama au baada yake, na kabla ya dawati la uhamiaji au baada yake. Ukumbi ulio kabla ya ukaguzi una hatari yake: unakaa kwa raha, kumbe foleni ya ukaguzi bado inakusubiri, na hakuna anayeweza kukuambia itachukua muda gani. Katika viwanja vya Ulaya vilivyo ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi ambazo kwa kawaida hazikagui pasipoti kwenye mipaka ya kati yao, kuna mgawanyo zaidi, kwa kuwa abiria anayekwenda nje ya eneo hilo hupita udhibiti wa pasipoti kabla ya kulifikia geti lake; akiketi katika ukumbi wa upande wa ndani, lazima aukumbuke mstari huo wa pasipoti kabla hajajinyoosha kitini.

Sasa muda. Kumbi nyingi humruhusu abiria kuingia saa tatu kabla ya ndege kuondoka na si mapema zaidi, isipokuwa anayeunganisha safari, ambaye mara nyingi hulegezewa. Njia iliyo salama ni kuhesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo. Tuseme tiketi yako imeandikwa 22:00, yaani saa nne usiku. Geti linaweza kufungwa dakika ishirini kabla, saa 3:40, na abiria wakaanza kupanda saa 3:15. Ikiwa kutoka ukumbini hadi getini ni mwendo wa dakika kumi na tano, ukijumlisha ngazi, treni ya ndani ya uwanja na kujipa nafasi kidogo, basi ondoka saa 3:00, na mlango wa ukumbi utakuwa wazi kwako kuanzia saa 1:00 usiku. Andika saa hizo mbili, ya kuingia na ya kutoka, kisha uweke kengele kwenye simu kwa ile ya kutoka. Uwe mwangalifu hasa unapogeuza saa za tiketi kuwa saa tunazozitaja sisi, maana ukikosea hapo hesabu nyingine zote zitakuwa zimeharibika.

Nasisitiza kengele kwa sababu niliwahi kukaa katika ukumbi mmoja nikisoma kwa utulivu, nikiwa na hakika kwamba nitaitwa wakati wa kupanda ukifika. Sikuitwa. Kumbi nyingi hazitangazi safari kabisa, kwa makusudi, ili watu wapumzike bila kelele, na tangazo hilo la kutotangaza liliandikwa kwenye kikaratasi pale kaunta ambacho sikukitazama. Nilifika getini mlango ukikaribia kufungwa. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa mhudumu ni kama safari hutangazwa, na hata akijibu ndiyo, kengele yangu naiweka.

Mhudumu wa kaunta ni mtu wa kumuuliza mambo matatu zaidi kabla hujamwacha: nenosiri la Wi-Fi, utaratibu wa bafu, na muda wa kufika kwenye geti lako. Mwambie namba ya geti kama imeshatoka, naye atakupa makadirio bora kuliko ramani yoyote, kwa sababu hulijibu swali hilo kutwa nzima. Ikiwa umeagiza msaada wa kiti cha magurudumu kwa ajili yako au kwa mzazi unayesafiri naye, mweleze papo hapo, kisha uhakikishe anawapigia simu wahusika na kutaja saa mtakayochukuliwa. Wahudumu wa viti mara nyingi ni wa kampuni nyingine, na wanaweza kumngoja abiria getini au kaunta ya chini wakati yeye ameketi ukumbini akiamini kwamba watamfuata. Mzee asiyeweza kutembea mwendo mrefu hana namna ya kufidia kosa hilo dakika za mwisho, kwa hiyo uliza tena ikiwa imebaki nusu saa.

Kama unahitaji kuoga, anza na bafu. Mabafu huwa machache na hutolewa kwa zamu. Anayejiandikisha alipoingia tu huoga, na anayekula kwanza hukuta orodha imejaa. Taulo na sabuni kwa kawaida hutolewa. Kwa abiria aliyelala ndegeni usiku kucha na ana safari nyingine mbele, hakuna huduma ya ukumbi inayoshinda maji ya moto na nguo safi.

Kisha tafuta kiti. Kilicho karibu na meza za chakula kina kelele za sahani na watu wanaopita, na kilicho pembeni kabisa mara nyingi hakina soketi wala hakioni skrini ya safari. Chagua mahali unapoweza kuchaji simu na kuiona skrini bila kusimama. Chaji pia powabenki yako wakati huo, ukikumbuka kwamba husafirishwa kwenye mzigo wa mkononi tu, si kwenye sanduku linalokwenda chini, na kwamba mashirika mengi yanakubali zile zisizozidi wati-saa 100, kipimo cha umeme zinaoweza kuhifadhi, bila ruhusa maalumu. Mizigo usiiache bila mtu, hata ukiona wengine wanaacha. Ukumbi ni mahali pa watu wengi wasiojuana.

Chakula ni cha kujichukulia, na kwa kuwa hakilipiwi papo hapo, wengi hula kupita kiasi. Ushauri wangu una sababu ya kimwili. Hewa ndani ya ndege inaporuka hushinikizwa kwa kiwango kinacholingana na kuwa juu ya mlima wa hadi mita 2,400 hivi, hivyo gesi iliyo tumboni hutanuka, na hewa hiyo ni kavu sana. Maharagwe, soda na vyakula vya mafuta mengi, ambavyo havikusumbui ukiwa chini, vinaweza kukunyima usingizi ukiwa angani. Kunywa maji mengi, kula kiasi, na kama unatumia pombe usizidishe, kwani shirika lina haki ya kumkataa abiria aliyelewa. Kufungasha chakula cha kwenda nacho hakuruhusiwi katika kumbi nyingi, na ukumbi ukiwa kabla ya ukaguzi, chupa ya maji yoyote inayozidi mililita 100 itachukuliwa katika viwanja vingi.

Adabu za humo ni zile za chumba cha watu wanaopumzika. Simu hazipigwi kwa spika, video husikilizwa kwa vipokea sauti, viti havijazwi mabegi wakati wengine wamesimama, na watoto hukaa karibu na wazazi wao.

Manufaa makubwa kuliko yote, ambayo wasafiri wengi hawayajui, hujitokeza siku safari inapovurugika. Ukumbi unaoendeshwa na shirika lenyewe la ndege mara nyingi huwa na wafanyakazi wenye uwezo wa kukubadilishia tiketi, na safari ikifutwa, foleni yao ni fupi mno ukiilinganisha na ile ya kaunta ya nje. Nenda kwao mara moja, na ukiwa umesimama hapo piga simu ya shirika au fungua programu yake, utumie njia itakayojibu kwanza. Ukumbi unaoendeshwa na kampuni nyingine isiyo shirika la ndege, ambao ndio wengi wa wenye kadi huutumia, hauna uwezo huo. Wahudumu wake watakupa chai na pole, lakini tiketi hawawezi kuigusa, kwa hiyo usipoteze muda kuwabembeleza.

Kuhusu kulipa kutoka mfukoni, msimamo wangu ni huu: ukiwa na chini ya saa moja na nusu, usilipe. Utatumia nusu ya muda huo kuufikia ukumbi na kuuacha. Ukiwa na saa tatu au zaidi, au ukihitaji kuoga, linganisha ada hiyo na bei ambayo ungelipa kwa mlo na kinywaji nje, kisha ununue mapema kwa mtandao, ambako mara nyingi ni nafuu kuliko mlangoni.

Kengele ikilia, simama hata kama skrini inasema safari imechelewa kidogo, kwa kuwa muda wa kuchelewa unaweza kupunguzwa bila taarifa. Tazama geti kwa mara ya mwisho, maana hubadilishwa. Chomoa chaja kwenye soketi, pitisha mkono kwenye pande za kiti, hakikisha pasipoti na pasi ya kupandia ndege viko mahali pamoja, jaza maji chupa yako ikiwa hakuna ukaguzi mwingine mbele, kisha pitia chooni kabla hujaanza mwendo wa kwenda getini.