Korosho changa zivuke vipi kiangazi cha Tabora

Wadau wa Uyui, Sikonge na Urambo mliopanda korosho, kila ikifika mwezi wa saba swali ni lilelile, nimwagilie mara ngapi. Mi naona linakuja limechelewa. Mvua zetu zinaanza Novemba, Aprili zinakata, baada ya hapo ni jua tu hadi Oktoba na mashamba mengi huku ni kichanga hakishiki maji, kwa hiyo mche unaopona ni ule ulioshusha mzizi mapema.

Anzia kitaluni. Wiki chache kabla ya kupanda punguza maji na kivuli taratibu ili mche ukomae. Ukienda kununua usidanganyike na urefu, chukua mfupi wenye shina nene, na ule uliokaa sana kwenye kiriba (kimfuko cha plastiki cha mche) mpaka mzizi mkuu umejikunja chini achana nao hata kama wanauza bei ya kutupa.

Shimo chimba Septemba au Oktoba, sentimita 60 kila upande na kwenda chini, udongo wa juu changanya na debe la samadi iliyoiva (mbichi inaunguza). Panda mvua ikishakolea, Desemba iko poa, maana wa Februari unabaki na miezi miwili tu ya kushuka kabla ya ukame. Kiriba toa chote jamani, sio kupasua tu.

Sasa maji. Kikombe kila siku ndo kinaharibu kabisa, maji yanaishia juu na mizizi inabaki hukohuko juu inayasubiri. Bora ndoo nzima ya lita 20 mara moja kwa wiki, umwage polepole jioni kwenye kisahani (kibonde cha udongo kuzunguka mche), mti ukishika vizuri unasogeza iwe wiki mbili, halafu tatu. Kama maji unanunua kwa dumu, chukua chupa za plastiki, toboa kitundu kidogo kwenye kizibo, ifukie nusu kichwa chini karibu na mche, kata kitako uwe unajazia humo.

Matandazo weka, nyasi kavu au maganda ya karanga, ila mchwa wa huku tunawajua, acha shubiri nzima kutoka kwenye shina na ukague kila unapopita. Palilia mita moja kuzunguka. Kwenye nafasi ya mita 12 kati ya mkorosho na mkorosho panda karanga au choroko, mtama usiusogeze karibu. Maotea ya chini ya kiungio (pale mche ulipobebeshwa) kata, maua ya mwaka wa kwanza toa.

Na mbolea ya kukuzia usiweke mvua zikielekea kukata, utapata majani laini mengi yanayokunywa maji ambayo huna.

Mwisho zungushia miba, maana watu wakishavuna mbuzi na ng'ombe wanaachiwa, na barabara ya moto (mkanda uliofyekwa kuzunguka shamba kuzuia moto) iwe tayari kabla majani hayajakauka, ukingoja Agosti jirani anachoma shamba lake na lako linaenda humohumo.