Kabla ya Kumpa Mgonjwa wa Saratani Maji ya Majani ya Mpapai

Wengi husema maji haya hupandisha chembe sahani, zile chembe za damu zinazoshikana ili kuzuia damu isitoke. Jua kwanza hesabu ya damu ya mgonjwa wako. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita ya damu. Tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, huzishusha, mara nyingi katika wiki ya pili baada ya dozi, kisha uboho unaozitengeneza ukipata nafuu hupanda zenyewe, na ndiyo maana kila aliyekunywa kitu siku hizo hukisifia kitu hicho.

Chembe hizo zikiwa chini, aspirini na ibuprofeni zisitumike bila idhini ya daktari. Mswaki uwe laini. Hijama na kuumika, hapana, hata akishauri nani.

Sifa za majani ya mpapai zimetokana zaidi na homa ya dengi, na dengi si saratani. Lakini jambo kubwa ni kujua kilichomo chupani. Shangazi yangu wa Wete, Pemba, alirudi kutoka matibabuni Dar es Salaam akiwa na chembe 38,000. Jirani akatuletea chupa, akasema ni mpapai mtupu, nasi tukampa asubuhi na jioni kwa siku 3. Usiku wa nne pua ikatoka damu, tukaibana isikatike, kanga ya pili ikalowa. Hospitalini daktari aliuliza, "Bi mkubwa anakunywa nini zaidi ya dawa zetu?" Tukanyamaza sote, mimi wa kwanza, kwa haya. Nilisema karibu na alfajiri, na jirani alipopigiwa simu akataja kitunguu thomu kibichi, tangawizi na karafuu, "za kukata uchungu" tu. Kitunguu thomu kikizidi, pamoja na yujenoli iliyomo katika karafuu, hupunguza uwezo wa chembe sahani kushikana. Chache alizobaki nazo huenda tulizifunga mikono. Siapi kwamba chupa ndiyo iliyomtoa damu, kwa kuwa hesabu yenyewe ilikuwa chini, ila saa zile za kunyamaza zilikuwa zetu.

Basi andika kila kinachonywewa katika daftari la kliniki, na chupa yenyewe ichukuliwe hospitali.

Vidoa vyekundu visivyofifia vikibonyezwa, choo cheusi au kichwa kuuma ghafla visisubiri asubuhi. Nauli iwekwe kando mapema, kwani boti ya kwenda Unguja haiondoki kila saa, na kusi likivuma huenda isiondoke kabisa. Simu iwe na chaji. Na wageni wenye mafua wasalimie kutoka barazani.