Jinsi ya kupeleka hoja yenu mpaka ITU kupitia majirani kwanza

Kila baada ya miaka 4 dunia inakaa mkutano mkubwa wa viwango vya mawasiliano chini ya ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, unaitwa WTSA, wa mwisho ulifanyika New Delhi Oktoba 2024 na unaofuata ni 2028, na kila mara naona mainjinia wetu wazuri kabisa wanashtuka miezi miwili kabla ya safari ndo wanaanza kuuliza sasa hoja tunaipelekaje. Muda huo hoja za wenzetu zimeshazunguka mwaka mzima, zimeshapata sahihi za nchi kibao, wewe ndo kwanza unatafuta fomu. Kwa hiyo nimeandika hapa njia nzima tokea mezani kwako mpaka ukumbini, kwa mtu wa kampuni ya simu, wa mamlaka, au mwalimu wa chuo, yeyote anayeona kitu hakiko sawa kwenye mtandao na anataka dunia ikiweke kwenye kiwango.

Nianze na kilichonikuta. Mara ya kwanza niliyokaa kwenye kikao cha aina hii tulienda na karatasi nzuri, ina vipimo, imeandikwa vizuri, nchi moja. Mjumbe wa bara lingine akauliza swali dogo tu, je majirani zenu nao wana tatizo hili? Majirani walikuwemo humo humo ukumbini ila karatasi yetu hawakuwahi kuiona, wafanyeje, wakanyamaza. Mwenyekiti akasema imepokelewa, tunashukuru. Basi. Ukisikia "imepokelewa" ujue imeisha. Na tatizo walikuwa nalo vile vile, tulikuja kugundua jioni tunakula pamoja!

Sasa twende hatua kwa hatua.

Anza na tatizo linalopimika. "Mtandao mbovu" haliendi popote. Chukua mfano muamala wa pesa kwa simu, pesa imetoka kwako haijafika kwa mwenzako, meseji haiji, mama yuko dukani amesimama na unga wake mkononi. Hilo linapimika: umetuma mara ngapi, zimefika ngapi, kila moja imechukua sekunde ngapi, saa ngapi za siku, mwisho wa mwezi ikoje, mjini ikoje na kijijini ikoje. Pima wiki kadhaa, andika ulivyopima ili mtu wa nchi nyingine aweze kurudia vile vile, hapo ndo unakuwa na kitu mkononi.

Alafu kabla hujaandika neno, angalia kama kiwango tayari kipo. Watu wengi wanaruka hapa. Viwango vya ITU upande wa mawasiliano vinaitwa mapendekezo, na karibu vyote unavipakua bure kwenye tovuti yao, kila kimoja kina herufi na namba. E ndo kwenye mambo ya namba za simu, ile E.164 ndo inafanya Tanzania iwe 255, Kenya 254, Uganda 256, Rwanda 250, Burundi 257. D ni bei na malipo kati ya nchi. G kuna faiba na ubora, ile waya ya G.652 kila fundi wa faiba anaijua. Q ni ishara za mitandao, yaani mitambo ya simu inavyopeana taarifa yenyewe kwa yenyewe, na pia simu feki, X utakuta usalama. Huo mfano wangu wa muamala ukitafuta utakuta G.1033 inaongelea ubora wa huduma za fedha za kidijitali na P.1502 inaeleza namna ya kuupima. Kwa hiyo hoja yako inabadilika, huombi tena kiwango kipya, unasema tumepima kwa P.1502 kwenye nchi zetu tukakuta hiki na hiki hakijaguswa, tunaomba kiongezwe. Hiyo inasikilizwa haraka mno kuliko kuanza upya. Na mara nyingine utakuta kila kitu kimeshaandikwa, kinachokosekana ni nyumbani kwetu kukitumia, maana mapendekezo haya hayamlazimishi mtu mpaka nchi iyaingize kwenye sheria au masharti ya leseni. Hapo usihangaike na Geneva kwenye makao ya ITU, nenda kwa mdhibiti wa nchi yako.

Kingine jua kundi lako. Kazi ya kila siku inafanywa na makundi ya utafiti, kila moja lina namba yake, la 2 ni namba, la 3 bei na uchumi, la 11 ishara na vifaa bandia, la 12 ubora, la 13 mitandao ijayo, la 15 faiba, la 17 usalama, la 20 vifaa vilivyounganishwa kwenye mtandao, na miji janja. Ukipeleka hoja ya bei kwenye kundi la ubora utazungushwa mwaka mzima.

Nyumbani mlango ni mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwetu Tanzania, CA Kenya, UCC Uganda, RURA Rwanda, ARCT Burundi. Nyaraka za vikao huzioni bila akaunti ya ITU iliyoidhinishwa, na anayeidhinisha ni mtu maalum ndani ya taasisi ambayo ni mwanachama, kwa hiyo ulizia ni nani na ujitambulishe mapema, usisubiri siku unaihitaji. Kama uko chuo, chuo chenyewe kinaweza kuwa mwanachama, ada ya vyuo vya nchi zinazoendelea imekuwa faranga za Uswisi 1,987.50 kwa mwaka, nusu ya wanayolipa wenzao wa nchi tajiri. Ni pesa, siyo kidogo, ila kwa chuo chenye idara ya mawasiliano mi naona inalipa kabisa, maana wanafunzi wanaona rasimu za viwango wakati bado zinabishaniwa.

Sasa majirani, na hapa nitakaa kidogo maana ndo moyo wa jambo lote.

Ukanda wetu una EACO, shirika la mawasiliano la Afrika Mashariki, makao Kigali, lina wadhibiti, makampuni ya simu, posta na watangazaji ndani yake, na lina vikundi kazi vinavyokutana. Peleka karatasi yako huko ikiwa bado mbichi. Ikiwa mbichi, nasisitiza, maana ukiwaletea iliyoiva wataona unawatumia tu kama muhuri. Waambie majirani sisi tumepima hivi, nyie mnaweza kupima hivyo hivyo Kampala, Bujumbura, Juba? Wakipima wakaleta namba zao, karatasi inakuwa ya kwao pia na wataitetea wenyewe. Na usitume barua pepe tu ukakaa kusubiri, piga simu, tuma meseji, mfuate mtu wa dawati lile lile kwenye nchi ile, na kwa Burundi andaa Kifaransa hata cha ukurasa mmoja, utaona tofauti ya majibu.

Kama unadhani haya ni maneno, angalia gharama za kupiga simu ukiwa nchi jirani. Kuanzia 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zikaanza mpango wa eneo moja la mtandao, kupokea simu ukiwa upande wa pili ikawa bure na kupiga ikawekewa kikomo cha senti 10 za dola kwa dakika. Kabla ya hapo dereva wa lori akivuka mpaka alikuwa anazima simu. Nchi zikikubaliana hivi zikiingia kwenye kundi la 3 kujadili roming zinaongea kitu walichokifanya wenyewe, na hakuna wa kuwaambia haiwezekani.

Au simu feki. Kenya ilizima simu feki 2012, Tanzania tukazima Juni 2016, wengi mnakumbuka kila mtu anabonyeza *#06# kuangalia IMEI yake, ile namba ya utambulisho wa simu. Ila simu haijui mpaka, iliyozimwa upande huu inaweza kuuzwa upande ule kama orodha za IMEI za nchi hizo haziongei. Ndo maana jambo hili lisingeweza kubaki la nchi moja moja, na mwaka huo huo wa 2016 mkutano wa WTSA uliofanyika Hammamet, Tunisia, ukapitisha azimio namba 96 la kupambana na vifaa bandia, na 2019 ikatoka Q.5050 inayoeleza mfumo wa kupambana navyo.

Ukishatoka kanda unaenda bara. Kuna njia mbili na zote zitumie. Ya kwanza ni vikundi vya Afrika ndani ya makundi ya utafiti yenyewe, kama kile cha kundi la 3 ambacho wakongwe bado wanakiita TAF, mle mnakaa Waafrika peke yenu mnakubaliana, kisha kikundi ndo kinapeleka hoja juu. Ya pili ni ATU, umoja wa mawasiliano wa Afrika wenye makao Nairobi, huu ndo unaandaa mapendekezo ya pamoja ya Afrika kwa ajili ya mikutano mikubwa. ATU ilianzia Addis Ababa 1977, mwaka ule ule Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ilipovunjika pamoja na shirika lake la posta na simu, kila nikikumbuka hilo naumia kidogo. Vikao vya maandalizi vya ATU viko kadhaa kabla ya WTSA, ingia kuanzia cha kwanza, cha mwisho ni kusafisha maneno tu.

Kuandika sasa. Karatasi, wao wanaita mchango, iwe fupi: tatizo, ushahidi, na maneno kamili unayotaka yaingie, kifungu gani, sentensi ipi inafutwa ipi inaongezwa. Usipoandika maneno mwenyewe ataandika mwingine na hutayapenda. Mwisho wa kupokea michango ya makundi ya utafiti ni siku 12 za kalenda kabla ya kikao, na wikiendi zinahesabiwa, kwa hiyo nyie jiwekeeni siku 20. Kikao kikiwa kwa mtandao kumbuka Geneva wako nyuma yetu saa 2 wakati wao wa baridi na saa 1 wakati wa joto, nimeona mtu kakosa zamu yake ya kuongea kwa hilo tu.

Ukumbini maneno yasiyokubaliwa yanawekwa kwenye mabano ya mraba, na kazi yako ni kuyatoa hayo mabano. Mengi yanatolewa kwenye foleni ya kahawa, siyo kwenye maiki. Kura karibu hazipigwi, wanatafuta maafikiano, na kwenye mambo yanayogusa sera na udhibiti kama ya bei, nchi moja ikipinga mwishoni inatosha kukwamisha. Kwa hiyo mtafute anayekupinga mapema umuulize hasa neno lipi linamkera, mara nyingi ni neno moja. Gawaneni pia na majirani, Rwanda wakae kikao hiki, Kenya kile, sisi kingine, maana vikao vinakwenda sambamba na hakuna ujumbe wetu hata mmoja unaoweza kuvijaza vyote, jioni mnakaa nusu saa mnapeana taarifa kwa Kiswahili.

Mkirudi, ndani ya wiki moja andikeni kurasa mbili: nini kimepita, nini kiko bado kwenye mabano, nani alipinga na kwa nini, kikao kijacho lini. Watumieni EACO na mdhibiti wenu, na mpeni nakala kijana mmoja ambaye safari ijayo ataenda yeye, aanze kusoma sasa.