Jinsi ya kuandika "I look forward to hearing from you" bila kukosea

Msimu wa kuomba kazi ukifika, vijana huniletea barua zao nizipitie kabla hazijatumwa. Nyingi zimepangwa vizuri, elimu na uzoefu vimeelezwa bila porojo. Halafu unafika mstari wa mwisho, ule anaoondoka nao mwajiri kichwani: "I look foward to hear from you". Maneno saba, makosa mawili. Inaniuma, maana ni mstari wa kujifunza mara moja ukakufaa maisha yako yote.

Hatua ya 1: Utumie mahali pake

Unafaa ukiwa unasubiri jibu: umeomba kazi, udhamini wa masomo, au bei kutoka kwa muuzaji. Kama unamjulisha mtu tu kwamba nyaraka zimekufikia, shukuru umalize.

Hatua ya 2: Andika mwanzo wake

"I look forward to". Neno "forward" lina r mbili. Barua rasmi hutaka "I look". "I'm looking" mwandikie mtu mnayejuana. Usiandike "look forward for". Hiyo "for" ni ya "wait for", haina kazi hapa.

Hatua ya 3: Kitenzi kinachofuata kipewe -ing

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tuende taratibu.

Shuleni tulikaririshwa kwamba baada ya "to" kinakuja kitenzi kitupu: to go, to eat, to hear. Ni kweli, ila "to" ziko mbili. Ya kwanza hutangulia kitenzi, kama ku- yetu. Ya pili ni kihusishi, ile ya "to school" au "to my uncle", na kihusishi hufuatwa na nomino. "To" ya "look forward to" ni hii ya pili. Kitenzi kikitaka kukaa hapo sharti kwanza kiwe nomino, na Kiingereza hufanya hivyo kwa -ing: hearing, meeting, working.

Sisi linatuponyoka kwa sababu Kiswahili hakidai mabadiliko hayo. Ukisema "nataka kusoma" au "kusoma kwake kunanifurahisha", umbo ni lile lile, ku- inafanya kazi zote mbili. Anayefikiri kwa Kiswahili haoni kwa nini "to hear" ikataliwe.

Kipimo ninachowapa vijana ni hiki: futa kitenzi na vyote vinavyokifuata, weka "it". "I look forward to it" inasimama, basi andika -ing. "I hope to it" haisimami, basi andika "I hope to hear".

Lakini kipimo hiki kina mipaka, na kuna kitenzi kimoja kinachowachanganya hata walimu. "We agreed to it" ni Kiingereza safi, ilhali tunasema "we agreed to meet", kamwe si "we agreed to meeting" kwa maana ya kukubaliana tukutane. Kwa hiyo ukiwa na shaka fungua kamusi ya wanaojifunza Kiingereza, ile yenye mifano ya sentensi. Naiamini kuliko programu za kusahihisha zinazobadilisha neno bila kukuambia sababu. Kesho utarudia kosa lile lile.

Angalia pia "used to", maana huko kosa hubadilisha habari yenyewe. "I used to live in Mombasa" ni kwamba zamani uliishi Mombasa. "I am used to living in Mombasa" ni kwamba umezoea kuishi huko.

Kitenzi "be" nacho husahaulika. Si "I look forward to be part of your team" bali "to being part of your team". Na vitenzi vikiwa viwili, vyote vipate -ing: "I look forward to meeting you and discussing the position". Mara nyingi naona cha kwanza kiko sawa, cha pili kimeachwa uchi.

Mwisho, ukishaielewa kanuni usiimwage kila mahali. "I would like to hearing from you" ni kosa baya kuliko lile tulilokimbia.

Kama bado huna uhakika na muda umekubana, andika "I look forward to your reply". Hakuna kitenzi cha kukusumbua, na ni adabu tosha. Ila usiongeze "positive" kabla ya "reply". Ni kama unamwamulia mwajiri, na mimi huifuta kila ninapoikuta.

Hatua ya 4: Usiache "from"

"Hearing you" ni kuisikia sauti yako. Ujumbe wa mtu ni "hearing from you".

Hatua ya 5: Funga barua

Weka nukta, shuka mstari. Ukianza na "Dear Sir or Madam", funga kwa "Yours faithfully". Ukianza na jina la mtu, "Yours sincerely". Herufi kubwa ni ya "Yours" peke yake. Watu wengi huandika "Looking forward to hearing from you" bila "I". Kwenye baruapepe ya kawaida hakuna ubaya, lakini barua ya kuomba kazi iandikie sentensi kamili.