Ndugu yako akichukuliwa usiku: ya kufanya kabla saa 24 hazijaisha

Mdogo wangu alichukuliwa hapa nyumbani Mombasa saa tisa kasorobo usiku. Saa hiyo naijua kwa sababu mama alikuwa ameamka kumeza dawa akatazama ukutani. Walikuja wanaume sita, wawili wamefunika nyuso. Hawakutaja majina wala hawakuonyesha kitambulisho. Walisema ni maswali kidogo tu, asubuhi atarudi. Alirudi baada ya siku 11. Siku tatu za mwanzo tulizipoteza, maana shangazi alishika kwamba tusipige kelele tusije tukamharibia. Tangu hapo nimefuatana na familia nyingi vituoni na mahakamani, na karibu zote zilianza kwa kunyamaza kama sisi.

Usinyamaze. Chukua daftari uandike. Simu usiitegemee, huenda ikachukuliwa nayo. Andika saa, idadi yao, walivaa nini, walizungumza vipi, walimwita kwa jina gani, walibeba nini, gari lilielekea wapi. Namba ya gari, hata kama ni herufi mbili tu. Kila aliyeona aandike peke yake kabla hamjakaa kusimuliana, kwa sababu mkishasimuliana hadithi zinachanganyika. Zungukia majirani asubuhi ileile. Jirani yetu anayeuza mahamri alikuwa macho anakanda unga, na gari lilisimama mbele ya dirisha lake. Tulimuuliza siku ya nne. Akafunga macho kuikumbuka ile namba, akabaki na herufi ya mwisho peke yake.

Kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu, na usiende peke yako. Vijana wa kiume wasitangulie. Aende mama au dada pamoja na mzee anayeheshimika, na wakili akipatikana. Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya inasema mtu aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha siku ambayo mahakama imefungwa, apelekwe siku inayofuata ya kazi. Zinahesabiwa tangu alipokamatwa mlangoni kwenu. Kesi ya ugaidi nayo ni vilevile: wakitaka kumweka zaidi, anayeruhusu ni hakimu, na mshukiwa awe mbele yake.

Pengine mtaambiwa, “Hapa hayupo.” Msiondoke. Semeni kwa adabu: “Tunaomba mtuandikie kwenye OB, kitabu cha matukio, kwamba tumekuja kumuulizia na mmetujibu hayupo, halafu mtupe namba.” Namba hiyo ya OB ni mali. Ikija kujulikana kwamba alikuwa humo, jibu lao limeshaandikwa, na saa yake. Mara ya kwanza nilipoomba hivyo kitabu kilifungwa mbele yangu. Nilirudi na imamu na wakili, na shughuli yote haikuzidi dakika tano. Pitieni vituo vingine pia, kila kimoja mkiondoka na namba yake.

Mahakama ikifunguliwa tu, peleka Mahakama Kuu ombi la habeas corpus. Hiyo ni amri ya jaji kwa anayemshikilia mtu: mlete hapa, useme umemshika kwa sheria gani. Ibara ya 51 inampa haki hiyo aliyefungiwa, na ibara ya 22 inakuruhusu wewe umwombee kwa kuwa yeye hawezi. Kufungua ombi la namna hii hakutozwi ada, na mahakama inaweza kulipokea hata likiwa barua ya kawaida. Ambatisha lile daftari na namba za OB. Ibara ya 25 imeiweka habeas corpus pamoja na uhuru wa kutoteswa katika haki ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote, hata iwe usalama wa taifa.

Mlango haufunguki kila mara. Mwanzoni mwa 2007 watu zaidi ya 80 waliokuwa wameshikiliwa Kenya walisafirishwa kwa ndege kutoka Nairobi hadi Somalia, wengi wakaishia jela za Ethiopia, huku maombi ya baadhi yao yakiwa mahakamani. Lakini Muslim Human Rights Forum, shirika la haki za binadamu la Al-Amin Kimathi, lilipata orodha za abiria wa ndege zile, na majina yakajulikana. Suleiman Abdallah wa Zanzibar alikamatwa Mogadishu mwaka 2003, akapitishwa Kenya na Djibouti hadi gereza la siri la CIA, shirika la ujasusi la Marekani, huko Afghanistan, akateswa, akaachiwa 2008 na barua ya Wamarekani wenyewe inayosema si tishio kwao. Mwaka 2015 aliwashtaki Marekani wanasaikolojia wawili waliobuni mateso yale, na 2017 wakakubali kumalizana naye nje ya mahakama. Kwa hiyo msitupe hata kikaratasi.

Siku hiyohiyo ndugu yenu anapochukuliwa, pigeni ripoti IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, au mashirika ya haki za binadamu ya HAKI Africa na MUHURI. Kuna pia kikosi kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu waliopotezwa, kinachopokea maombi ya dharura bila malipo. Atakayekuja akasema ana mtu wake ndani, mumpe kitu kidogo, msimpe. Mama aliuza bangili zake mbili za dhahabu, na yule mtu hatukumwona tena.

Watu watakuuliza kama ndugu yako ana hatia. Usiingie kwenye ubishi huo. Sema ulichokiona: ametolewa nyumbani saa fulani, hajafikishwa kwa hakimu. Kama ana kosa, pahali pa kulithibitisha ni mahakamani, mchana, akiwa na wakili wake. Mimi nisingetaka hata aliyelipua bomu afungwe kitambaa usoni na kupigwa nyayo.

Akirudi, mpokeeni bila kumhoji. Nguo alizokuja nazo msizifue. Zitieni kwenye mfuko wa karatasi. Kabla hajaoga mpigeni picha kila alama, na rula au sarafu pembeni ili ukubwa wake uonekane, na mrudie picha siku ya tatu, kwani michubuko mingine huchelewa kujitokeza. Mpelekeni hospitali ya serikali akajaziwe P3, fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, na mumwombe daktari afuate Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza mateso. Daktari aandike pia asichokiona: kukosa usingizi, kushtuka geti likigongwa. Mdogo wangu alikaa wiki mbili akilala na viatu miguuni, na hilo nalo tulimwambia daktari akaliandika.