Gawa Kompyuta Yako Kwanza, Klaudi Utaielewa

Vijana wanaokuja ofisini kwetu Industrial Area, Nairobi, kwa mafunzo ya kazini huwa nawapa zoezi moja kabla hawajagusa seva. Wengi huja wakiamini mashine pepe (kompyuta ya programu inayoishi ndani ya kompyuta halisi) na klaudi (kompyuta za mtu mwingine unazokodi kupitia intaneti) ni kitu kimoja. Wako wauzaji wanaoufurahia mkanganyiko huo, kwa sababu unawasaidia kumuuzia mwenye duka kitu asichokihitaji. Ndiyo maana nalishikilia sana zoezi hili. Lifanye kwa mikono yako.

Tafuta kompyuta ya mezani, hata ya mtumba. Maduka ya Luthuli na Moi Avenue yamejaa. Rangi iliyochubuka isikusumbue. Angalia RAM iwe GB 16 na diski iwe SSD. Kabla hujalipa, iwashe, fungua Task Manager, nenda Performance kisha CPU, usome mstari ulioandikwa Virtualization. Ukikuta Disabled usiikatae: ingia BIOS, yaani mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka, tafuta VT-x kama prosesa ni ya Intel au SVM kama ni ya AMD, uwashe. Intel walianza kuweka uwezo huu ndani ya prosesa mwaka 2005, AMD 2006, kwa hiyo mashine za ofisi zinazouzwa leo ni nadra kuukosa.

Ukifika nyumbani weka VirtualBox, programu ya kuundia mashine pepe. Pakua pia Ubuntu Server, mfumo endeshi wa Linux utakaouweka ndani ya mashine hizo, lakini fanya hivyo penye Wi-Fi, maana faili lake linapita GB 2 na bando litakwisha. Unda mashine pepe ya kwanza: RAM GB 2, prosesa mbili, diski GB 25. Unda ya pili hivyo hivyo. Kwenye mtandao chagua Bridged Adapter ili kila moja ipewe anwani yake na ruta. Chukua snapshoti ya ile ya kwanza, yaani picha ya hali yake ya sasa, halafu iharibu kwa makusudi: ingia ndani ufute folda yote ya /etc, inayobeba mipangilio ya mfumo. Izime, irudishe kwa ile snapshoti, uiwashe tena. Imepona, na mwenzake hakujua lolote.

Hapo umeona virtualaizesheni yote. Kuna programu, haipavaiza, inayoigawa kompyuta moja na kuifanya kila sehemu ijione kompyuta kamili. VirtualBox hukaa juu ya Windows kama programu nyingine. KVM, haipavaiza nyingine iliyoingizwa ndani ya Linux mwaka 2007, iko karibu zaidi na chuma chenyewe, na Proxmox, programu ya kusimamia mashine pepe tunayoitumia ofisini, imejengwa juu yake. Wazo ni la zamani: IBM waliuza VM/370 tangu 1972.

Hapo ndipo swali huja: "Madam, sasa hii si ndiyo klaudi?"

Bado. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliandika mwaka 2011 sifa tano za klaudi, nami huwaambia wazipime kwenye sanduku lao. Je, mtu wa uhasibu anaweza kujiundia mashine bila kukuita? Hawezi. Je, inafikika kutoka popote kwenye mtandao? Inafikika humo ndani tu. Je, rasilimali zimekusanywa zikahudumia wateja wengi? Hapana. Je, ukitaka RAM ya GB 64 saa nane usiku utaipata? GB 16 ni GB 16. Je, matumizi yanapimwa na kulipiwa kama tokeni za stima? Hakuna bili. Basi ulicho nacho ni kompyuta iliyogawanywa, nacho ni kitu kizuri.

Sasa kodisha. Fungua akaunti kwa mtoa huduma mwenye kituo Afrika: Amazon wako Cape Town tangu 2020, Microsoft wako Johannesburg tangu 2019. Jambo la kwanza, kabla ya mashine yoyote, weka onyo la bajeti. Kisha chagua mashine ndogo kabisa ya Ubuntu na uingie ndani yake kwa SSH, njia salama ya kuiendesha kompyuta ya mbali kwa kuandika amri. Andika amri hii:

systemd-detect-virt

Iandike pia kwenye mashine yako ya VirtualBox. Nyumbani itajibu "oracle". Kwa Microsoft itajibu "microsoft", na kwa mashine za kisasa za Amazon itajibu "amazon". Jibu hilo moja ndilo linaloonyesha uhusiano wao: chini ya klaudi kuna haipavaiza, inayofanya kazi ile ile ya ile uliyoiwasha mezani. Kilichoongezwa juu yake ni huduma: ukurasa wa kujihudumia, mita, na ghala la seva usizoziona. Ukipenda, huduma hiyo unaweza kuijenga hata katika jengo lako mwenyewe kwa OpenStack, programu huria ya kujengea klaudi ambayo NASA na Rackspace waliianzisha mwaka 2010. Na wapo wanaokodisha seva nzima isiyogawanywa, nayo ikabaki klaudi.

Ukimaliza, futa mashine. Kuizima hakutoshi, kwa sababu diski yake inaendelea kulipiwa. Tena bili ni ya dola. Mwanzoni mwa 2024 dola ilipita shilingi 160, kisha ikashuka hadi karibu 129. Mashine ile ile, bei mbili tofauti.

Kwa biashara ya Nairobi ambayo wafanyakazi wote wako jengo moja, mimi nasema weka mashine pepe ndani, na UPS nzuri, ile betri inayoshikilia stima ikikatika. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ilizorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, lakini aliyekuwa na mfumo wa stoo kwenye chumba cha nyuma aliendelea kuuza. Ila duka la mtandaoni, ambalo wateja hulifungua usiku stima ikiwa imepotea kwako, lipeleke klaudi.

Nakala za akiba nazo zipeleke huko, hata kama kila kitu kingine kiko ndani. Kila usiku toa nakala ya mashine pepe, ifunge kwa nenosiri, uipandishe. Mara moja kwa mwezi ishushe na uiwashe kwenye kompyuta nyingine, uone kama kweli inaamka.