Kulinda Damu ya Nguruwe Wanaokua: Anza na Kihori Kabla ya Sindano

Mfugaji anapoona nguruwe wake wa miezi mitatu amepauka masikio, manyoya yamesimama na anapumua kwa shida baada ya kukimbizwa kidogo, mara nyingi hukimbilia duka la pembejeo kununua sindano ya madini ya chuma. Katika kazi yangu ya tiba ya mifugo nimeona kwamba, kwa nguruwe aliyekwisha kuachishwa kunyonya, chanzo cha upungufu wa damu mara nyingi kimo ndani ya kihori, na sindano hiyo humchelewesha mfugaji kukitafuta. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa utaratibu ninaoufuata mwenyewe ninapoitwa bandani.

Hatua ya 1: Uliza alivyoanza maisha

Mtoto wa nguruwe huzaliwa na akiba ya chuma ya takriban miligramu 50, huku akihitaji kati ya miligramu 7 na 10 kila siku, na maziwa ya mama humpatia karibu miligramu 1 tu. Anayezurura hujipatia kiasi fulani kwenye udongo. Aliyefungiwa kwenye sakafu ya saruji hana pa kukipata. Ndiyo maana huchomwa miligramu 200 za chuma kwenye msuli wa shingo akiwa na umri wa siku tatu hivi. Kumlisha mama chuma kwa wingi hakusaidii, kwa sababu kiasi kinachopita kwenye maziwa hakiongezeki vya kutosha. Mama huyo ahakikishiwe vitamini E na madini ya seleniamu, kwani watoto wa mama aliyepungukiwa navyo wanaweza kufa muda mfupi baada ya kuchomwa sindano hiyo hiyo iliyokusudiwa kuwaokoa.

Hatua ya 2: Pima, usikisie

Kufunua kope na kuangalia wekundu wake ni mwanzo mzuri, lakini jicho hudanganya. Mwombe daktari wa mifugo achukue damu kwa nguruwe watano au sita, wakiwemo wawili wanaoonekana wazima, na aiweke kwenye chupa ndogo yenye kifuniko cha zambarau, ambayo ina dawa ya kuzuia damu isigande. Chupa ipinduliwe taratibu mara nane hadi kumi bila kutikiswa, ihifadhiwe kwenye ubaridi bila kugusana na barafu, na ifike maabara siku hiyo hiyo. Wakati wa kuachishwa kunyonya, himoglobini (sehemu ya damu inayobeba oksijeni) ya gramu 11 au zaidi kwa desilita ni nzuri. Kati ya 9 na 11 chuma kimepungua. Chini ya 9 mnyama ana upungufu wa damu. Nguruwe aliyeharisha na kukaukiwa maji anaweza kuonyesha kipimo kizuri ambacho si cha kweli, kwa hiyo wape watu wa maabara taarifa hiyo.

Hatua ya 3: Kagua mchanganyiko wa chakula

Nguruwe wa kilo 20 hadi 50 anahitaji takriban miligramu 60 za chuma katika kila kilo ya chakula, na ambaye ameachishwa karibuni huhitaji karibu 100. Pumba za mahindi zina fosforasi iliyofungwa kwa namna ambayo hushika pia chuma na zinki, hivyo madini yanayosomeka kwenye karatasi si yote yanayofika kwenye damu. Chuma nacho hakifanyi kazi peke yake. Bila shaba kidogo hakisafirishwi kutoka kwenye akiba, na bila protini ya kutosha himoglobini haijengeki, kwa kuwa yenyewe ni protini. Dagaa huleta protini hiyo pamoja na vitamini B12, ambayo haimo kwenye nafaka.

Primiksi, yaani mchanganyiko wa vitamini na madini unaoongezwa kwenye chakula, ipimwe kwa mizani kufuata lebo, ichanganywe kwanza na kilo chache za pumba, ndipo imwagwe kwenye rundo kubwa. Anayeitupa moja kwa moja kwenye gunia hulisha baadhi ya nguruwe mara mbili na wengine hawapati kitu. Zinki ikizidi kwa muda mrefu huzuia shaba, na chokaa ikizidi huzuia zinki.

Hatua ya 4: Tahadhari na mashudu ya pamba

Mashudu haya huwavutia wafugaji kwa bei yake, hasa karibu na viwanda vya Kanda ya Ziwa. Yana sumu iitwayo gosipoli, inayoshika chuma, kuudhuru moyo na kujaza maji kifuani. Gosipoli huru isizidi miligramu 100 kwa kilo ya chakula chote. Wataalamu huidhibiti kwa kuongeza salfeti ya chuma kiasi kwamba uzito wa chuma chenyewe ulingane na uzito wa gosipoli; salfeti ambayo fuwele zake zina maji ndani huwa na chuma takriban sehemu moja ya tano tu, na wengi hukosea hesabu hapo. Ushauri wangu kwa asiye na kipimo cha maabara ni kutumia mashudu ya alizeti au soya iliyopikwa.

Hatua ya 5: Shika chakula mkononi

Hapa ndipo ninapokawia zaidi. Niliwahi kumpasua nguruwe wa kilo 60 aliyekufa usiku, mweupe kama karatasi, na tumbo lake lilikuwa limejaa bonge moja la damu. Mahali umio unapoingia tumboni palikuwa na kidonda kipana kilichofikia mshipa. Wenzake wawili walikuwa wakinya kinyesi cheusi chenye kunata kama lami. Chakula chao kilikuwa laini kama unga wa ugali, kwa kuwa mwenye banda aliamini kusaga sana kunasaidia mmeng'enyo. Chakula laini kupita kiasi hulifanya tumbo kuwa na majimaji, asidi hupanda hadi sehemu isiyo na ute wa kujikinga, na siku za kukosa chakula huzidisha madhara. Sugua konzi moja kati ya vidole: unapaswa kuhisi chenga. Usipozihisi, mwombe mwenye kinu abadilishe chekecheo aweke lenye matundu makubwa zaidi.

Hatua ya 6: Ondoa vinavyomwaga damu

Mahindi yenye ukungu yasilishwe, kwani sumukuvu huharibu ini, nalo ndilo linalotengeneza vigandishi vya damu. Sumu ya panya isiwekwe kabisa kwenye stoo ya chakula. Damu ya nguruwe na mabaki ya nyama ya nguruwe yasiingie kihorini, kwa kuwa yanaweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina tiba.

Hatua ya 7: Rudia kipimo

Baada ya wiki nne, pima nguruwe wale wale kwa namba zao za masikio. Ikiwa chakula kimerekebishwa na himoglobini haijapanda, chukua kinyesi kibichi kutoka kwa kila mmoja na ukipeleke kupimwa mayai ya minyoo, ukianza na wale ambao kipimo chao kilishuka zaidi.